Goti la Jabali

Jabali, jitu la kwenye katuni, lilipong'olewa mkono wa pili, mama mmoja fundi cherehani alilia kwelikweli, akafuta machozi kwa kipande cha bitana, kisha akashika simu aandike malalamiko. Umri wake ulikuwa wa kubembeleza wajukuu, si wa kulilia katuni. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Sehemu hii mpya wameiharibu," aliandika kwenye kundi la mashabiki, alikojiita Rubani wa Akiba, na wote wakidhani ni kijana. "Miaka yote hii Jabali ni la kijani, lina makovu yake. Leo wameunda jingine jeupe, wamelibandika mabawa, na ndani hamna mtu! Jitu la chuma lisilo na rubani ni sufuria tu. Halafu yule rubani mzee wamemvika koti ambalo mshono wa bega umeangukia mgongoni. Nani kalishona, adui?"

Akayatuma, akaweka simu kando ya cherehani, akangoja. Kundi zima halikumhusu. Alimngoja mtu mmoja tu, anayejiita Parafujo.

Jabali halikuwa lake. Lilikuwa la mwanawe wa pekee, aliyelipenda tangu ana meno ya utoto. Kijana alikuwa ameunda sanamu yake kwa mabaki ya vyuma kutoka karakana ya baba yake, mchomeleaji wa mageti, likawa linasimama juu ya kabati kama mlinzi wa nyumba. Siku moja akaharibu kazi ya mteja kwa sababu macho yalikuwa kwenye katuni. Baba mtu akalishusha Jabali, akaliweka juu ya fuawe, akalipiga nyundo mpaka likawa bapa. Kijana alichukua begi, akaenda zake, na namba ya simu akaibadilisha.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," mume alisema mara moja tu, na maneno yale yalimchoma mkewe kuliko nyundo. Jina la mtoto hakulitaja tena. Kila jioni mke alipakua sahani tatu. Mume alikula kimya, bila kuitazama ya tatu, kisha akarudi karakana na simu yake mpya, kubwa kama kigae, ambayo alisema ni ya kupigia picha mageti.

Basi mama akaamua kumtafuta mtoto mahali alipopenda kuwa. Alilitazama Jabali tangu sehemu ya kwanza, mguu kwenye cherehani, jicho kwenye simu. Mwanzoni hakuelewa lolote. Aliwalaani wale wapiganaji wenye pembe muda mrefu, akidhani ndio maadui, kumbe ndio waliovamiwa. Mwishowe akanogewa. Na huko kundini ndiko alikomkuta Parafujo, akilalamikia goti.

"Goti la Jabali limechomelewa upande mmoja," Parafujo aliandika. "Likiruka mara mbili tu, linakatika."

Mama alisimamisha cherehani. Nani mwingine angetazama vita vya majitu akaona uchomeleaji, kama si mtoto aliyekulia karakana?

Hakumuuliza jina. Alimjua mwanawe, ukimkimbilia naye anakimbia. Akamwandikia faraghani, wakawa wanabishana wawili tu kuhusu mabawa, mizinga na rangi. Siku moja Parafujo aliuliza ghafla, "Lakini umekula?" Mama akashindwa kushona mchana kutwa. Siku nyingine akaandika, "Unavyojua mishono, wewe umelelewa na fundi cherehani." Kumbe anajua! Anajua ni mimi, na bado hajakimbia. Furaha ile ilimuuma kifuani.

Sasa simu ikalia.

"Nimeiona pia," Parafujo aliandika. "Imenivunja moyo. Wamelitupa Jabali la zamani kwenye tanuri mbele ya rubani wake, na jemadari aliyeamuru kasimama tu kama gogo. Hata pole hakusema."

"Wazee hawajui kusema pole," mama alijibu. Pamoja na yote, mume ni mume, lazima atetewe. "Lakini wanajuta. Nawajua."

Ng'ambo ya ua, karakanani kwa mume, mashine ya kukatia chuma ilikuwa imenyamaza.

"Unadhani yule rubani angemsamehe jemadari?" Parafujo aliuliza.

Mama alisoma swali lile mara mbili, kisha akalia tena, safari hii bila kutafuta kitambaa. Mtoto wake alikuwa mlangoni, anauliza kama inafaa kuingia.

"Angemsamehe," aliandika. "Ameshamsamehe siku nyingi. Anangoja tu kuitwa."

Hakukuja jibu. Mama akaona amemtisha. Hapana, yametosha. Kama ni kukimbia, akimbie akiwa amesikia. Akaanza kuandika lile alilolimeza muda wote: "Mwanangu, ni mimi, mama yako." Akakosea, akafuta, akaanza upya.

Kabla hajatuma, simu ikalia mkononi mwake.

"Mwanangu," Parafujo alikuwa ameandika, "nisamehe kwa ile nyundo. Rudi nyumbani. Mama yako bado anakupakulia sahani ya tatu."