Mayai Kifuani

Pi, pi, pi. Sauti zilitoka ndani ya maganda, na bado hapakuwa na kifaranga hata mmoja wa kuonekana. Siwema alikuwa ametega sikio kwenye mashine yake ya kutotolesha, mara umeme ukakatika.

"Bi Mwajabu! Njoo, wanakufa!"

Kukatika huko kulikuwa kumeshamharibia mayai mara mbili. Yangeharibika na haya, mashine ingeuzwa.

Jirani yake akaja mbio, akayatumbukiza mayai kifuani, chini ya kanga, kama walivyozoea.

"Leo kifua changu kimepata kazi, shoga."

"Usinichekeshe, utayavunja!"

Hata nusu ya mayai hawajamaliza, taa ikawaka. Siwema akaduwaa. Zamani wangelala gizani, na ofisi ya umeme isingepokea simu.

"Si serikali imeruhusu kampuni nyingine nayo iuze umeme?" alisema Bi Mwajabu. "Hawa wetu wameona wateja wanahama, wakafunga mitambo inayojua yenyewe waya ulipokatika na kupitisha umeme kwingine. Miaka yote walituambia haiwezekani!"

"Kumbe walikosa wa kuwakimbiza tu. Waongo wakubwa!"

Siwema alicheka huku akifuta machozi, akaanza kurudisha mayai mashineni. Bi Mwajabu akabaki na moja, mkono kifuani, macho yamemtoka.

"Siwema, hili linanidonoa."

"Basi huyo ni wako. Akikua akataga, niletee mayai. Nitakutotoleshea yote humu humu, nakuahidi."