Kitambi cha Mpingo

Kinyago kilikuwa na kitambi, na Ndugu Adelard alikijua kitambi hicho. Ndicho alichohangaika kukifunga mkanda kila asubuhi.

Kilisimama mbele kabisa kwenye baraza ya ofisi ya viwanja, Temeke, kikilikodolea macho dirisha la huduma. Uso haukuwa wa maana. Mchongaji alikuwa ameshughulika na tumbo tu. Nyuma yake walijipanga wenzake wa mpingo: bibi aliyeinamia mkongojo, kijana aliyerefusha shingo kuchungulia mbele.

"Wananicheka," Adelard aliwaza, na iliuma. Alikuwa ameingia ofisi hii na nidhamu yake. Juzijuzi tu aliamuru yatupwe mawe na matofali yaliyoachwa barazani kila jioni, kana kwamba ofisi ya serikali ni jalala. Shukrani yenyewe ndiyo hii?

Alivifungia kabatini. Vikaja vingine. Wiki iliyofuata mwenye kitambi alirudi, safari hii kanenepa zaidi.

Sasa nani, kama si tarishi Fakihi? Mmakonde, kaka yake mchongaji wa Kiwalani, na yeye mwenyewe kicheko hakimkauki mdomoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Adelard akakiweka kinyago mezani, akamwita.

"Wallahi bosi, mie sijui kitu."

"Sare utaiacha kwa karani."

Kicheko kilimkauka Fakihi. Siku hizo asiye na kazi mjini alikamatwa, akapakiwa lori na kurudishwa kijijini, na wanawe hawakujua kwao kwingine ila hapa.

"Bosi, nina watoto," alisema.

Adelard alikwishashika kalamu ya kumfukuzia, mlango ulipofunguliwa. Lilitangulia tumbo, kisha akaingia mwanamke mwenyewe, mkono kiunoni, akihema.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Foleni iko nje, mama."

"Ndiyo ninayoitafuta."

Macho yake yakatua mezani. Alikichukua kile kinyago, akakipangusa vumbi kwa ncha ya khanga.

"Tulipanga mawe kushika nafasi, mkatupa, mkasema uchafu," alisema. "Mume wangu akasema haya, basi tuwapangie watu. Huyu ndiye mie. Nani kanitoa kwenye foleni?"