Sare Inayofuliwa Kila Ijumaa

"Usiniambie umesahau, Mwalimu. Anayefua sare ya marehemu kaka yangu kila Ijumaa ni mama yangu. Niliandika kwenye daftari, ukasahihisha."

"Hadithi haina mwenyewe, Tausi."

"Hii inaye. Yuko nyumbani sasa hivi, anaifua."

Wanafunzi wenzake Tausi walikwisha kutoka darasani. Mwalimu Mwanaidi alikuwa amewasomea sura ya mama anayefua sare kutoka riwaya yake mpya, ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya kufundisha uandishi na kupeleka madaftari ya wengine nyumbani. Mchapishaji aliikubali kwa sababu ya sura hiyo, na alikuwa akiusubiri mswada mchana huo.

"Badilisha basi," Tausi alimwambia. "Andika ya kwako."

"Nimejaribu. Sina."

"Mama hajui kusoma," Tausi alisema. "Lakini majirani wanajua."

Mwanaidi akafungua bahasha ya mswada, akachomoa kurasa kumi na nne za sura ile, akampa. Kisha akampigia mchapishaji simu.

"Usinisubiri," alimwambia. "Kitabu hakipo." Akakata.

Tausi alifika mlangoni, akasimama. Alikuwa ameanza kuzisoma zile kurasa, polepole, midomo ikicheza.