Sitaha ya Papa Rudia

Sitaha ilirudi kwa mara ya tatu, imefungwa kwenye gunia lilelile, na chini ya ubao palikuwa na msalaba mdogo wa chaki. Papa Lukumani aliugeuza ubao kwenye mwanga wa mlango, akapapasa pale penye chaki kwa kidole gumba. Gundi ilikuwa imevimba kidogo kwenye kiungo. Kilichomuuma si kurudishiwa kazi, bali ni kwamba chaki ilisema kweli.

"Rudia, papa," alisema Kapiteni Cyprien, macho yake chini.

Neno hilo lilikuwa mali ya Lukumani. Kwa miaka thelathini aliwaambia wanagenzi wake "rudia": kwa kiti, kwa kabati, hata kwa mlango wa choo, mpaka mtaa mzima ukamwita Papa Rudia na wanagenzi wakamkimbia mmoja mmoja. Aliyebaki ni Waziri, mwanawe wa pekee, mbishi kama baba. Sasa Waziri alikuwa gerezani, na neno la baba yake lilikuwa kinywani mwa kapiteni wa waasi, mtu ambaye kabla ya vita alikuwa karani wa bandarini.

Waasi waliingia Kisangani mwezi wa nane, mwaka wa 1964. Mwezi uliofuata walimkamata Waziri kwa kuwa aliwahi kuwatengenezea Wabelgiji madirisha, na tena walimkuta amevaa tai, ambayo kwao ilikuwa alama ya adui. Siku tatu baadaye Cyprien alikuja karakanani na ndege ndogo ya bati, jeti ya mapambo iliyoachwa na mzungu mmoja aliyekimbia, pamoja na ukurasa uliochanwa gazetini. Ukurasa ulionyesha meli yenye mgongo bapa, na juu yake ndege zimepangwa. Komanda wake alitaka jeti ile isimame mezani pake juu ya sitaha kama hiyo.

Lukumani alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa cha mwisho. Maisha yake yote alikaa kando ya mto, akaona mbuzi, magari na majeneza yakisafiri juu ya meli, lakini ndege hajapata kuiona.

"Fanya tu, papa," Cyprien alimwambia. "Ikiisha, tutaongea juu ya Waziri."

Basi alifanya. Alivusha mbao ya mti wa lifaki kwa mtumbwi kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, akairanda, akaipaka rangi ya masizi, akachora kwa chokaa njia ya ndege kutua. Palipotakiwa kamba za kuikamata ndege isitumbukie majini, alikaza nyaya za breki ya baiskeli. Kila siku mke wake, Mama Nyota, alipeleka chakula gerezani, na sahani ilirudi tupu. Kwa sahani hiyo walijua kwamba mtoto angali hai.

Lakini chaki haikuchoka. Mara ya nne ilionyesha waya mmoja uliokazwa kuliko wenzake, na mara ya tano mahali ambapo randa ilipita kinyume na nyuzi za mbao. Na huyu Cyprien, jamani, hakujua hata mbele na nyuma ya sitaha. Siku moja aliileta ameibeba kichwa chini. Lukumani alikata shauri kwamba mtu huyo ana shetani vidoleni, akamchukia kwa moyo wake wote.

"Usikimbie, papa," Cyprien alimsihi mwezi wa kumi na moja ulipoingia. "Kazi muzuri inaomba wakati."

Lukumani alisikia dhihaka. Mwanawe analala juu ya saruji, na huyu anamfundisha subira!

Baada ya msalaba wa saba, mdogo kama punje ya mchele, Mama Nyota alimwambia aache kujitesa, kwa maana kitu kisicho na kasoro ni cha Mungu peke yake. Mzee alitikisa kichwa.

"Safari hii," alisema, "chaki yake haitapata fasi ya kutua."

Aling'oa kila kitu, akaanza upya. Alisugua ubao kwa majani ya msasa mpaka vidole vikatoka damu, akaosha damu, akasugua tena. Kila kiungo alikifanya kana kwamba ni mlango atakaopitia Waziri kurudi nyumbani. Jumatatu asubuhi alimaliza, akalia, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kutengeneza kitu kizuri namna ile.

Cyprien alikitazama kwa muda mrefu.

"Papa, hakuna kitu umesahau? Hata kidogo?"

"Hakuna."

Kapiteni aliifunga sitaha ndani ya gunia, polepole, akaondoka bila kuaga. Siku hiyo haikurudishwa. Mama Nyota alipiga pasi shati la Waziri, akapika pondu na samaki, na Lukumani akala kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Jumanne alfajiri ndege za kweli zilinguruma juu ya mji, na askari wa Kibelgiji wakashuka kwa miavuli. Waasi walikimbia. Milango ya gereza ilipofunguliwa, Lukumani alikuwa amesimama pale nje na shati mkononi, akitazama kila uso unaotoka.

Alitoka Alfani, mwalimu wa mtaani kwao, aliyefungwa chumba kimoja na Waziri. Alimshika mzee mkono, akamketisha ukingoni mwa barabara.

"Papa, ile chaki haikukuwa ya kapiteni," alisema. "Ilikuwa ya Waziri. Komanda alisemaka huyu fundi abakie muzima achunguze kazi mpaka itaisha. Wengine wengi walipelekwa ku pont, ile daraja ya Tshopo, wakauawa. Kila kosa alipata, alipata na siku zingine za kuishi. Jana komanda alikuja mwenyewe, akasimama hapo. Waziri alipapasa ule ubao juu na chini, mara tatu. Chaki haikupata fasi ya kutua."