Wenzake Kumi na Mmoja

Fundi cherehani aliziba jicho la kulia kwa kiganja. Kisha akaziba la kushoto. Akafumbua yote mawili, na ile nyota ilikuwa inang'aa vilevile.

"Fifia basi," akaiambia kwa sauti ya chini.

Haikufifia.

Ratiba iliyochapwa ilisema ingefifia saa mbili na dakika kumi na nane. Saa aliyoiegemeza dirishani ilikwisha kupita saa tatu, na angani hapakuwa na hata kipande cha wingu cha kusingizia.

Mama huyu alikuwa mjane wa mwaka wa tisa. Mchana alishona sare na kupunguza suruali. Mara mbili tatu kwa mwezi, giza likishaingia, aliitazama nyota moja. Alipojiunga na chama cha waangalizi, Katibu alimweleza kwa barua kwamba ile si moja. Ni mbili, zimekaribiana mno hata jicho huziona moja, nazo zinazungukana. Moja ina mwanga mkali, mwenzake hafifu. Kila baada ya siku tatu kasoro saa tatu, ile hafifu hupita mbele ya mwenzake na kuikinga. Mwanga hushuka, kisha hurudi taratibu. Kazi ya mwangalizi ni kuilinganisha na nyota za jirani, kuandika dakika ambayo nyota imefifia zaidi, na kuituma kwa kadi.

Waangalizi walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na mji wake, na hawajapata kuonana. Yeye alikuwa Namba Saba. Wengine aliwajua kwa namba tu, katika taarifa ya kila mwaka, lakini alikwisha kuwapa sura. Namba Tatu ni mnene na hukohoa. Namba Kumi ni mwalimu mstaafu, hujifunika blanketi. Tangu mumewe afariki, nyumba ilikuwa kimya hata akila alisikia kijiko chake mwenyewe. Ila alipokaa kwenye ngazi ya uani alijua kwamba dakika hiyohiyo, popote walipo, watu kumi na mmoja nao wameinua shingo. Akimaliza huwaambia, "Haya, mlale salama." Na kwenye sala aliwaombea wote, kwa namba zao.

Jambo moja lilimtia haya. Wenzake walipatana na ratiba dakika kwa dakika. Yeye kila mara alipishana nayo, mara dakika nne, mara sita. Katibu aliwahi kumwandikia: "Namba Saba, ni saa yako inayokimbia au ni wewe?" Akanunua saa nyingine. Haikusaidia.

Na sasa hili. Daktari alikwisha kumwambia mtoto wa jicho anaanza. Sindano aliitunga mara tatu ndipo uzi upite. Na sheria ya chama ilikuwa fupi: jicho likichoka, namba hupewa mwingine.

Asubuhi wifi yake alikuja na sketi ya kutiwa zipu, akamkuta ameinamia kadi tupu.

"Wifi, umeikodolea hiyo kadi kama barua ya posa."

"Jana sikuiona ikififia."

"Si uandike tu ile saa iliyochapwa? Nani atapanda huko akague?"

"Mwenyewe aliyeiumba yuko."

"Mwenyewe ana mengi ya kuangalia. Wakikuachisha hicho chama utabaki na nani? Mimi sketi zangu ni mbili tu."

Fundi alicheka kidogo. Wifi alipoondoka, alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Ni kuandika saa tu, basi, na angebaki na watu wake.

Akaandika: "Anga safi. Nimekaa tangu giza lilipoingia hadi saa nne. Sikuiona ikififia. Macho yangu yamefika mwisho. Tafuteni mwingine. Wenzangu wote nawasalimu."

Aliitia kadi posta, akarudi nyumbani kwa njia ndefu.

Wiki mbili hakukaa uani. Jioni alifunga mlango wa nyuma mapema, kwa kuwa hakuona angewaambia nini, naye si mmoja wao tena. Kwenye sala aliendelea kuwataja. Hilo hakuna aliyemkataza.

Katibu alikuja mwenyewe, saa nne asubuhi. Mtu mwembamba, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Fundi hakungoja kuulizwa. Alimkabidhi jalada la chama.

"Ratiba zote zimo. Hakuna hata moja iliyopotea."

"Keti kwanza, mama." Katibu alitoa kadi. "Hii uliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hukuona kitu."

"Sikuona, baba. Mnisamehe."

Katibu alilifungua jalada, akaitafuta ratiba ya mwezi ule, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mchapaji alikosea tarehe. Ilikuwa iwe kesho yake. Jioni ile uliyokaa wewe, nyota haikuwa na zamu ya kufifia. Iling'aa vilevile mpaka ilipotua."

Fundi aligusa kope zake kwa ncha za vidole.

"Kwa hiyo macho yangu..."

"Yanaona."

Furaha ilimpanda hata akaona aibu kucheka mbele ya mgeni. Akajifuta uso kwa upande wa khanga.

"Mungu ni mwema. Nami nilikwisha kuwaaga watu. Watakuwa wamenicheka huko. Wao walisemaje?"

Katibu alifungua mkoba, akapanga kadi kumi na moja juu ya meza ya cherehani, moja baada ya nyingine.

"Wote waliiona ikififia," alisema. "Saa mbili na dakika kumi na nane."