Yai Linalocheza Majini

"Linacheza! Goreth, njoo uone. Huyu ni jogoo, tazama fujo zake."

Mama mkwe alikuwa ameinamia beseni la maji ya uvuguvugu. Ndani yalielea mayai sita, na moja lilikuwa likitikisika kwa nguvu.

Hivyo ndivyo walivyopima mayai zamani katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, siku ya kumi na nane ya kuatamiwa. Yai likitikisika, kifaranga yu hai, likitulia, linatupwa. Kipimo hicho hakina kosa, mradi kifaranga hajatoboa ganda.

Lakini hapa Buffalo, Marekani, kuku wao wa pekee alikuwa ameatamia siku tatu kabla ya kuuawa na rakuni, mnyama wa usiku anayeiba kuku, bandani nyuma ya nyumba. Ndipo mama mkwe alipoyahamishia mayai kwenye boksi lenye balbu, na siku zake kumi na nane alizihesabu kuanzia hapo.

Goreth alihesabu upya. Ishirini na moja, siku ya kuanguliwa.

Aliinama. Upande wa chini wa lile yai palikuwa na tundu dogo kama kichwa cha pini, na humo vipovu vilitoka kimoja kimoja.

"Mama, tuyatoe yote. Sasa hivi."

"Wee, niache!" Mama mkwe alimshika mkono, akicheka. "Nimelea vifaranga kabla hujazaliwa. Buffalo imewafundisha kuwa na haraka tu."

Goreth aliuchomoa mkono, akalitoa yai. Lilikuwa limetulia. Maji yalichuruzika kutoka kwenye tundu hadi kiganjani mwake.

Mama mkwe alipiga makofi.

"Na huyu naye, mwanangu! Na huyu naye anacheza!"