Alama Begani

Siwema alirudi kutoka kwenye kongamano la wachoraji wa chaki za rangi bila kuzoeana na mtu hata mmoja. Ukumbini watu waliitana kwa majina, wakataniana, wakasalimiana kwa viwiko maana viganja vyao vilijaa vumbi la rangi. Yeye alijibanza kwenye meza ya pembeni akichora birika, akalisugua kwa kidole mpaka likafifia kama sabuni iliyokwisha.

Mwalimu, aliyevaa glavu nyeupe, alipita kwake mara moja tu.

"Usisugue, dada. Chaki ukiisugua inakufa. Iache ikae pale ilipoangukia."

Kisha akaitwa kwingine, akaenda zake. Safari yote ile, na alichovuna ni hicho tu!

Alipofika nyumbani alibisha hodi kwa mazoea, akajikaribisha mwenyewe, akaingia. Akafungua dirisha, akawasha feni, akatia maji kwenye beseni, akavua gauni lake jeusi alifue. Hapo ndipo alipoiona. Nyuma ya bega palikuwa na alama ya mkono wa mtu, vidole vyote vitano, kwa vumbi la rangi ya chungwa.

Kumbe kuna mtu alimshika bega! Naye wakati huo ameinamia birika lake, anasugua tu, wala hakugeuka.

Alinyoosha kidole aiguse ile alama, kidole kikasita hewani. Akalitundika gauni ukutani taratibu, akazima feni, akafunga dirisha. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake, akipumua polepole.